Chuma Kilichonyimwa Sauti

Jembe lilikuwa sakafuni. Mzee Kutu aliipitisha mashine juu yake, akarudia, akaikandamiza mpaka sahani yake ikagusa chuma chenyewe, na mashine haikutoa hata pumzi. Hapo ndipo tulipoachana, msomaji wangu, na najua wengine mlinuna.

"Imekufa," alisema Mshonaji. "Basi ichukue bure, mzee. Itoe tu humu ndani."

Asiyekuwa nasi mwanzo aelewe haraka. Mshonaji ni mke wa Sikio, yule bwana aliyezunguka na mashine ya kusikiliza vyuma ardhini, akitafuta sarafu za zamani katika kambi iliyoachwa na wajenzi wa reli. Msimu wa mvua uliopita Sikio alitoka asubuhi na mtaimbo begani. Alisema anakwenda kufungua shimo tu, atarudi kuchukua mashine ikishajaa chaji.

Hakurudi.

Wiki hiyohiyo mwanamke mwenye mgahawa wa stendi alifunga mlango akahama bila kuaga. Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mshonaji akawa mwanamke aliyekimbiwa, hata wateja waliokuja kupimwa nguo walimtazama kwa jicho la pole lenye kicheko ndani yake.

"Mtu anatoroka na mwanamke huku amebeba mtaimbo?" aliwauliza mwanzoni.

"Mapenzi ni upofu, shoga," walimjibu.

Sasa turudi kwa Mzee Kutu, mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuna ndevu. Akapapasa mfukoni, akatoa sarafu moja, akaitupa kando ya jembe. Akapitisha mashine.

Mashine ikaimba!

"Sikia! Sauti kama ya bi harusi," alicheka Mzee Kutu. "Imekufa nini hii? Hii ni nzima kuliko mimi."

Mshonaji aligeuka kutoka dirishani. "Imeisikia sarafu, jembe haikulisikia?"

"Imefungwa chuma, binti yangu. Umelala na mtafuta sarafu miaka yote hukulijua hili? Kambi ile ina misumari kuliko nyasi. Ukiacha chuma wazi, mashine inakoroma kutwa kama mzee aliyelala chali. Kwa hiyo kila mtafuta sarafu akiwasha tu, anabonyeza hapa." Alimwonyesha kitufe kidogo kuliko punje ya mahindi. "Anaiambia, za chuma usinisemeshe. Ukishabonyeza, hata gari moshi zima likizikwa chini yako, mashine haisemi kitu, na hata ukiizima inabaki imefungwa hivyo mpaka uichaji upya."

Mshonaji alishika ukingo wa cherehani.

"Mzee. Mashine hii haijaguswa toka siku ile. Niliipokea mikononi mwa shemeji yangu, nikaisukuma uvunguni kwa mguu."

"Siku ipi?"

"Siku alipoitumia kumtafuta kaka yake."

Mzee Kutu aliacha kucheka. Alikuwapo siku hiyo. Mji mzima ulikuwapo, siku chache tu baada ya Sikio kutoweka, askari na pikipiki yao, wakimfuata nyumanyuma Spoku, mdogo wake Sikio, akipekua kambi kwa mashine hii pembe hadi pembe. Mvua ilikuwa imemomonyoa tuta la reli sehemu nyingi, hakuna aliyejua pa kuanza kuchimba. Spoku ndiye aliyetoa neno la mwisho. "Kaka hayupo hapa. Angekuwa chini, mtaimbo wake ungeita."

Mashine haidanganyi, watu walisema. Wakatawanyika.

Mzee Kutu alichukua sarafu yake, akalirudisha jembe nyuma ya mlango, akavaa kofia. "Siinunui, binti yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Unaihitaji kuliko mimi."

Alipobaki peke yake, Mshonaji alijaribu kusali. Maneno hayakuja. Kama Sikio alikuwa chini ya udongo ule, basi hakumwacha. Na kama hakumwacha, amekufa. Hebu niambie wewe, moyo uombe lipi hapo?

*

Spoku alikuwa kwenye kibanda chake cha baiskeli, akinyoosha gurudumu lililopinda.

"Shemeji! Karibu. Leo umekuja na..." Aliona mashine. Gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe.

"Nina swali moja. Siku ile ulipoiwasha, ulifunga chuma?"

"Ha! Shemeji bwana. Umehamia kwenye mambo ya mashine? Cherehani imekuchosha?"

"Nijibu."

"Nitafungaje chuma nikimtafuta mtu mwenye mtaimbo? Mimi mwendawazimu?"

Mshonaji hakubishana. Aliwasha mashine. Akaipitisha juu ya rundo la minyororo. Kimya. Juu ya sanduku la nati na bolti. Kimya. Akaipandisha kwenye baiskeli nzima iliyoning'inia ukutani. Kibanda chote kile cha chuma, kutoka paa hadi sakafu, na mashine ilinyamaza kama imetishwa.

Mteja aliyekuwa akisubiri pancha aliinuka polepole. "Nitapita baadaye, fundi," alisema, akaiacha baiskeli yake hapohapo.

Spoku alikaa chini, katikati ya spana.

"Mkono, shemeji. Mkono ulifanya wenyewe. Miaka yote nawasha, nafunga chuma, natembea. Ni kama kufunga mlango ukitoka. Nani anakumbuka kufunga mlango?"

"Ulijua lini?"

Spoku aliokota spana moja, akaiweka tena chini.

"Spoku. Ulijua lini?"

"Mvua zilipokatika. Nilikuwa nimefunga kibanda hiki, nimefika njiani, nikarudi kutazama kama kweli nimefunga. Nikaikuta kufuli imebanwa vizuri na mimi sikumbuki kuibana. Hapo ndipo... nikaukumbuka mkono wangu kwenye kitufe, shemeji. Niliushika mlango huu."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini?"

"Ukakaa mezani kwangu, ukala, ukafuta mdomo, ukasema kaka yako hana haya!"

"Nilitaka iwe kweli!" alipiga kelele. "Kila siku naomba iwe kweli! Awe na yule mwanamke, awe mlevi, awe mwizi, lakini awe mahali fulani! Kuliko niwe nilipita juu yake!"

Mshonaji alimtazama. Alikuwa amekuja na kofi mkononi, tayari kabisa, lakini alipouona uso ule mkono haukuinuka.

"Chukua sururu na beleshi," alisema.

*

Njia ya kambini inapita mbele ya nyumba, na mlangoni alikuwapo mama mkwe, amekunja miguu, anachambua mchele kwenye ungo.

"Mnakwenda wapi na hayo?"

"Kambini, mama," alisema Mshonaji.

"Kufanya nini?"

Spoku alitazama vidole vya miguu yake. Mama akasukuma ungo kando.

"Mwanangu yuko na mwanamke wa mgahawa. Anakula, amenenepa, shingo imejaa. Siku atakayotupwa nje atarudi, nitamchapa mbele yako, wewe utanuna siku mbili kisha utamsamehe. Ndivyo ilivyo. Msinipangulie mambo yangu."

"Mama, mashine ilifungwa chuma. Kwa bahati mbaya. Hatukumtafuta kabisa."

"Sitaki kusikia habari za mashine!"

"Nataka kujua tu, mama."

"Kujua kumemfufua nani?" Mama aliupiga ungo kwa kiganja. "Wewe unataka mume mwema. Mimi nataka mtoto aliye hai, hata akiwa mbwa. Mwana mbaya hurudi. Aliyekufa harudi."

Mshonaji alipiga magoti, akamshika mikono yote miwili. Aliyoyasema mama yalikuwa kweli tupu. Waliondoka, na nyuma yao mama aliendelea kuusemesha mchele wake kana kwamba wao bado wapo.

*

Jua lilikuwa la wazi, halina pa kujificha. Kambi ile ni misingi ya nyumba zisizokuwapo tena, matofali yaliyomea majani, na tuta la reli ya zamani lililobomoka upande mmoja kama mkate ulioshikwa na mtoto, na ng'ambo yake daraja refu la reli juu ya korongo.

Spoku alinyoosha mkono kupokea mashine. Mshonaji akaivuta kwake.

"Mkono wako siuamini tena."

Akakibonyeza kitufe. Akafungua chuma.

Loh! Mashine ilipiga ukelele kama mtu aliyezibwa mdomo kwa miezi. Ilikoroma kila hatua. Spoku alichimba: msumari. Akachimba: bawaba ya mlango. Msumari. Kufuli iliyooza. Msumari, msumari, kipande cha waya.

Mshonaji hakuwa mgeni wa sauti zile. Zamani za amani Sikio alimvisha visikilizio kichwani wakiwa sebuleni, akamfundisha. Chuma hukoroma, mke wangu. Shaba hupiga chafya. Fedha huimba. "Na mimi je?" alimuuliza, na Sikio akampitishia sahani ya mashine tumboni, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Turudi, shemeji," alisema Spoku. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. "Misumari hii haiishi mpaka kiama."

"Nenda wewe."

Hakwenda.

Chini kabisa ya tuta, mahali udongo ulipoteremka ukalala, mashine ilitoa mkoromo mfupi mno lakini mkali mno. Mshonaji alivua visikilizio kwa maumivu.

"Msumari," alisema Spoku. "Umesimama wima. Ukisimama wima unadanganya hivyo."

"Chimba."

"Shemeji, nakwambia ni..."

"Chimba!"

Alikwangua. Kina cha kiganja tu, ncha ya chuma ikajitokeza. Spoku akaikamata kwa vidole, akavuta. Haikutoka. Akachimba pembeni, akavuta tena. Akachimba mpaka kiwiko kikazama.

"Msumari gani huu usiokwisha?"

Kisha akaona ncha ilivyopondwa ikawa bapa kama mdomo wa bata, na alama za tupa alizozijua, kwa sababu tupa ni yake na siku ile ya kunoa alilalamika kuazimwa.

Ulikuwa mtaimbo wa Sikio, umesimama wima ardhini, ncha juu.

Mtaimbo ukianguka, hulala. Huu haukuanguka. Ulisukumwa. Mtu alikuwa chini, akausukuma kuelekea juu, kidogo kidogo, akiutoboa udongo.

Spoku ndiye aliyeelewa kwanza, na ningependa sana asingeelewa.

"Alikuwa anaiita mashine," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Alijua nitakuja nayo. Alijua chuma kikikaribia juu kitasikika. Alikuwa ananisogezea, shemeji. Ananisogezea ili nisikose."

"Nyamaza."

"Nilipita hapa. Jiwe hili nililikalia nikakung'uta viatu. Nilipita hapahapa!"

"Nyamaza, chimba!"

Walichimba wote wawili, Mshonaji kwa mikono. Udongo ukazama ghafla, pakatokea tundu, na chini ya tundu palikuwa na mfereji wa matofali, ule walioujenga watu wa reli kupitishia maji chini ya tuta. Sikio aliingia humo kutafuta sarafu. Tuta likateremka, likaziba mlango wa mbele na wa nyuma.

Mshonaji hakusubiri kamba. Aliteremka.

Sitaeleza aliyoyaona. Mfereji ulikuwa mkavu, na maiti haiozi upesi mahali pakavu.

"Ni yeye?" Spoku aliita kutoka juu.

"Ni yeye."

Jambo la kwanza lililompata Mshonaji, Mungu amsamehe, lilikuwa furaha. Ilimjia kama joto, kutoka tumboni hadi usoni. Hakuniacha. Mume wangu hakuniacha. Alitaka kupanda juu apige mbio hadi stendi, awashike mabega mmoja mmoja awaambie.

Kisha likaja la pili, likamvunja.

Alikumbuka dua yake. Mwanamke huyu asiyekosa sala, usiku wa kwanza wa masengenyo, alipiga magoti akamwambia Mungu: popote alipo mwanamume huyu, mwonjeshe upweke. Alale na njaa, aite asiitikiwe.

Na Sikio alikuwa hapa wakati ule. Alikuwa anaita.

Alimkumbatia, udongo kwa mifupa, akamnong'oneza maneno ambayo si ya gazetini.

"Shemeji!" Kichwa cha Spoku kilijaza tundu. "Mama anakuja. Yupo pale kwenye misingi, anakuja na fimbo yake. Shemeji, nakuomba. Usimwambie alikaa. Mwambie ardhi ilimfunika mara moja."

"Spoku..."

"Akijua alikuwa hai mimi nikipita juu, hatabaki na mtoto hata mmoja. Unanielewa? Leo amepoteza mmoja. Usimtoe wote wawili!"

Fimbo ilisikika ikigonga tofali. Mshonaji alivua mtandio wake akamfunika mumewe. Mtandio haukutosha. Akaufunika uso na kifua, pengine pakabaki wazi.

Alipopanda juu, mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni. Alikuwa mdogo, mdogo kuliko asubuhi.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, mama."

Hakupiga yowe. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa mzigo aliokwisha kuukataa mara nyingi na sasa hana budi kuupokea.

"Basi hakula," alisema. "Mimi nilikuwa najiambia anakula."

Upepo ukapita kwenye majani. Mama akainua macho yake mekundu.

"Mkwe wangu, wewe hujawahi kunidanganya. Aliteseka?"

Ni kweli, hakuwahi. Mshonaji alikuwa fundi wa nguo ambaye akisema Ijumaa nguo inakuwa tayari Ijumaa, na wenye kujua mafundi wanajua huo ni muujiza. Alimtazama mama. Alimtazama Spoku nyuma ya mama, beleshi mkononi, midomo ikiomba bila sauti.

Mungu, usinihesabie hili.

"Hapana, mama. Ardhi ilimwangukia mara moja. Hakujua lolote."

Mama alifumba macho. Pumzi ndefu ikamtoka, na kwa dakika ile moja uso wake ulipata nafuu, hata Mshonaji akadhani uongo nao unaweza kuwa sadaka.

"Nataka kumwona."

"Mama, usiingie, pana..."

"Siingii. Nimezaa, siwezi kutazama?"

Alilala kifudifudi kwenye udongo, yule mwanamke wa umri ule, akaingiza kichwa kwenye tundu. Jua liliingia pamoja naye. Alikaa hivyo kwa muda. Walisikia akimwita mwanawe kwa jina la utotoni, kwa upole, kama anayemwamsha aende shule.

Halafu akaacha kuita.

Alipotoa kichwa, macho yake yalikuwa makavu.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Chini ya kichwa chake kuna shati lake. Limekunjwa, mikono imerudishwa nyuma, kola juu, kama nilivyomfundisha mimi." Alizungumza polepole, neno moja baada ya jingine. "Mtu aliyekufa mara moja, nani alimvulia shati? Nani alimkunjia? Nani alimtandikia akalala?"

Mshonaji aliutazama udongo mikononi mwake.

Mama mkwe aliishika fimbo yake, akainuka, akageuka nyuma kumtafuta mwanawe aliyebaki.

Beleshi lilikuwa limesimama peke yake, limechomekwa kwenye udongo. Ng'ambo ya tuta mawe yalikuwa bado yanaporomoka chini ya miguu ya mtu anayekimbia, kuelekea kule kwenye daraja.